Siku Samaki wa Mwatumu Walipogeuka Mijusi

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe mbili Septemba 2019, na yaliharibika mara mbili: asubuhi barabarani, mchana chumbani kwa Burhani. Ya barabarani watu waliyapiga picha wakarushiana kwenye simu. Ya chumbani hayakupigwa picha, na ndiyo yaliyokuwa mabaya zaidi.

Asubuhi ile Burhani hakwenda kwenye karakana yake ya kuchomelea. Si woga. Woga aliuzika mwezi wa saba pamoja na mkewe, Mwatumu. Hakwenda kwa sababu mmoja wa samaki wa Mwatumu alikuwa ametoa kichwa nje ya maji na hataki kukirudisha.

Aliinamia beseni akamtazama. Matamvua yake, yale manyoya mekundu yaliyokuwa yakimpepea pande zote za shingo tangu utoto, yalikuwa yamenyauka yakabaki vishina. Utando wa mkia umelika. Ngozi imekuwa nyeusi, ya kukwaruza, na chini ya tumbo rangi ya chungwa imeanza kupenya. Kiumbe aliyezaliwa majini, sasa ukimwacha kwenye kina atakufa maji kama mtoto wa mtu.

"Haya, umefika bwana," Burhani alimwambia. "Ngoja nikushushie."

Akachota maji kwa kikombe, taratibu, mpaka yakabaki ya kufunika vidole tu. Akaegemeza jiwe bapa, juu yake sponji lililoloa. Akafanya vivyo hivyo kwenye makopo yote ya aiskrimu yaliyopangwa sakafuni, maana wenzake nao walikuwa njiani. Kazi hii moja ndiyo aliyobakiwa nayo duniani: kuwafikisha nchi kavu wazima, kama alivyoagizwa.

Mwatumu alikuwa akifanya usafi Linden, mtaa wa matajiri, kwa bibi mmoja wa kizungu aliyefuga viumbe hao kwenye matangi ya vioo. Bibi aliwaita nyuti, akasema ni ndugu wa chura wenye mkia. Bibi alipohamia kwa mwanawe Australia, nyuti wakubwa walichukuliwa na wafugaji wenzake. Yakabaki mayai, ambayo majike walikuwa wameyafungia kwenye vipande vya mfuko wa plastiki, wakikunja kwa miguu ya nyuma, yai moja mkunjo mmoja, kama mtu anavyofunga sambusa. "Mwaga tu kwenye mfereji," bibi alisema. Mwatumu, ambaye mimba zake nne zote ziliharibika, hakumwaga. Alirudi Doornfontein, kwenye jengo lao, na kopo la aiskrimu amelipakata.

Walipoanguliwa walikuwa wadogo kama kope za macho. Aliwalisha viroboto wa maji aliowachuja kwa soksi kwenye kidimbwi cha bustani. Wakaota miguu ya mbele, wakaota ya nyuma. Kisha Mwatumu akaumwa.

Hospitali alikompeleka, Burhani hakuitaja tena kwa jina, alisema "kwenye benchi." Mwatumu alikaa kwenye benchi ameshika ubavu, na mwenye dirisha anataka karatasi, na mwenye karatasi amekwenda kula, na aliporudi anataka karatasi nyingine. Mwatumu hakuongea habari za kufa. Aliongea habari za nyuti.

"Wakianza kunyauka manyoya, shusha maji, weka jiwe. Usiwaache wafe maji, mume wangu. Wafikishe juu."

Kisha akaegemea bega la Burhani, na dirisha likaja kuliita jina lake wakati hapakuwa tena na wa kuitika.

Nani alimuua? Burhani hakuhitaji daktari wa kumwambia. Waliomuua ni wenye madirisha, wenye mihuri na wenye viti. Na katika wenye viti, wa karibu zaidi alikuwa Khatibu, mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha Watanzania wa jengo lile. Burhani alitaka mkewe azikwe Tanga, ubavuni mwa mama yake. Khatibu alisimama mbele ya maiti, akaweka kofia yake sawa, akasema, "Kikao kimeamua, Mzee Burhani. Tunamsitiri hapa hapa." Kikao kipi? Burhani hakuitwa. Wakamsitiri kwenye udongo wa baridi, kati ya watu asiowajua, na Khatibu akaondoka makaburini kabla ya wengine, kama kawaida yake.

Wiki zile za msiba Burhani alisahau kulisha. Siku alipokumbuka, alikuta maji yamechafuka na nyuti wanatafunana. Huyu hana mguu, yule hana mkono, wa tatu ana mguu wa mwenzake mdomoni, ungali unachezacheza. Wengine walikuwa wameliwa wakaisha. Burhani akacheka, mara ya kwanza tangu benchi.

"Hata ninyi!"

Akawatenga, kila mmoja na kopo lake. Akawa anakatakata minyoo kwa wembe kila asubuhi kabla hajanywa chai, na mikono iliyokwisha kutafunwa ikaota upya, vidole na vyote, kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo lilimuudhi kidogo. Mwatumu hakuota upya.

Jengo zima liliwajua kuwa ni samaki. "Samaki wa marehemu hawajambo?" walimwuliza kwenye ngazi. Wana matamvua, wanakaa majini, basi ni samaki, na hakuna mtu mwenye ugomvi na samaki. Burhani hakuwasahihisha.

Jumatatu ile jua lilipopanda zikaja filimbi, kisha wimbo, kisha mlio wa fimbo zikigonga nguzo za taa moja baada ya nyingine. Burhani akachungulia dirishani, katikati ya nondo alizozichomelea mwenyewe. Barabara ilikuwa imejaa wanaume. Mwenye spaza, kile kiduka cha kona, Msomali aliyelala mtaa wa Mayfair na kuuza huku, alitolewa dukani akiburutwa kwa miguu, kichwa kikigonga ngazi. Mmoja akambamiza kwa rungu, mwingine kwa tofali. Wa tatu hakuwa na silaha, akambamiza kwa kopo la maharage aliloliiba humo humo. Alipoacha kusogea walimruka tu, wakaingia kuchukua unga. Gari la polisi lilisimama kwenye robot, likangoja taa ya kijani kwa adabu zote, likaenda zake.

"Ndiyo serikali hiyo," Burhani alisema, akarudi kwa nyuti wake.

Hakukaa sana mlango ukapigwa mateke.

"Mzee Burhani! Fungua! Ni mimi, mwenyekiti!"

"Mwenyekiti wa nini?"

"Acha mzaha, bwana! Wako lango la chini! Chumba chako ndicho chenye mlango!"

Hilo lilikuwa kweli. Vyumba vingine vilikuwa vya mbao na mapazia. Mlango wa Burhani ulikuwa bamba la chuma, alilichomelea baada ya vurugu za 2015 za kuwapiga wageni, na komeo lake lilikuwa nene kama kifundo cha mkono. Angemwacha Khatibu huko huko. Lakini nyuma ya Khatibu alisikia mtu akilia kwa maumivu, akafungua.

Wakamiminika. Seif, fundi cherehani wa Unguja, sikio lake la kulia likining'inia kwenye uzi wa nyama, shati lote jekundu. Jocelyne, msusi wa Kikongo wa chumba cha ng'ambo, ana mkasi mkononi na kitambaa cha mteja begani. Nyuma yao majirani watano wengine, wote wanaume, mmoja hana viatu.

"Samaki! Angalieni samaki!" Burhani akapiga kelele. "Msikanyage!"

Komeo likarudi. Wakajipanga ukutani, miguu wameikunja, makopo katikati yao. Khatibu, ambaye hata kwenye chumba cha mwenziwe hakuweza kukaa bila kutawala, akaanza: wewe kaa huku, wewe zima simu, wewe nyamaza. Seif alilala kando ya beseni kubwa. Burhani akamsukuma kichwa kwa mguu.

"Damu isidondoke humo."

"Mzee, sikio langu linaanguka, wewe unawaza samaki?"

"Hawa wakikatwa wanaota tena. Wewe huoti. Lishikilie."

Jocelyne akacheka kwa pua, akararua kile kitambaa akamfunga Seif kichwa. Chini lango likalia, chuma kwa chuma. Kila pigo lilipanda na ngazi mpaka mlangoni. Khatibu akafumba macho akaanza Yasini, na wengine wakamfuata kwa sauti ndogo.

Katikati ya kisomo Jocelyne akanyoosha mkasi.

"Papa Burhani. Iyi samaki yako inatoka mu mayi. Iko na miguu!"

Kweli. Yule wa asubuhi alikuwa ameshika ukingo wa jiwe. Akainua mkono mmoja, akauweka juu ya sponji. Akainua wa pili. Kiwiliwili kikafuata, kizito, kana kwamba ndiyo kwanza anajua kwamba ana uzito. Akasimama juu kwa miguu yake minne, na koo lake likaanza kwenda juu na chini, juu na chini. Alikuwa anavuta hewa. Burhani akahisi kitu kimempanda kifuani ambacho hakikumpanda siku ya mazishi. Alitaka kumwita mtu aje aone, na jina lililomjia mdomoni lilikuwa moja tu.

Kisomo kilikuwa kimekatika.

"Huyo ni nini?" Khatibu akauliza.

"Samaki."

"Samaki ana vidole?"

"Ni nyuti."

"Nyuti ndiyo nini? Mzee Burhani, mimi si mtoto. Mweusi, mkia, miguu minne, koo linapuliza. Huyo ni mjusi kafiri!"

Neno lile liliwaingia wote isipokuwa Jocelyne. Chuoni, Tanga na Unguja, kila mtoto alifundishwa: Nabii Ibrahimu alipotupwa motoni, viumbe wote walileta maji kuuzima, ila mjusi aliupuliza uwake. Ukimwona, muue. Ukimuua kwa pigo la kwanza, thawabu yake kubwa. La pili, inapungua. Burhani mwenyewe utotoni aliwatungua ukutani kwa manati, akajihesabia pepo. Alilijua neno lile, na ndiyo maana miezi yote hii aliwaacha watu waseme samaki.

"Tunasoma Yasini ndani ya chumba cha mijusi!" Khatibu akainuka, uso umemvimba. "Ndiyo maana! Ndiyo maana dua haipandi! Anatupulizia moto, na wewe unamlisha!"

"Khatibu, kaa chini."

"Mwenyekiti!"

"Kaa chini, Khatibu. Hawa ni wa Mwatumu."

"Mwatumu yuko mbele ya haki. Wewe umemfugia kafiri nyumbani kwake."

Akavua kobazi. Burhani aliona mkono ukipanda, na akili yake, ambayo siku zote ilikuwa nzito, ilikuwa nzito na siku hiyo pia. Kobazi likashuka juu ya jiwe. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu amekanyaga zabibu. Khatibu akalinyanyua, na kilichokuwa kimetoka kuvuta hewa yake ya kwanza duniani kilikuwa kimenata kwenye soli, mkia ukijipinda peke yake.

"Pigo la kwanza," Khatibu alisema.

Basi chumba kikapasuka. Watu wanaosubiri kuuawa wamepata cha kuua, na chenye thawabu juu yake. Yule asiye na viatu akapindua kopo, mwingine akarukia linalofuata na kandambili mkononi. Maji yakamwagika, nyuti wakatawanyika sakafuni, wa matamvua wakigaragara kama vipande vya maini, waliokwisha kunyauka wakikimbilia ukutani. "Yule! Yule mkubwa!" "Niachie mimi!" "Umemkosa, ni wangu!" Seif mwenyewe, sikio limefungwa, alitambaa akapiga mmoja kwa ngumi, akautazama mkono wake, akapiga tena.

"Yesu wangu!" Jocelyne alipiga kelele kutoka juu ya kitanda. "Batu banabomoa mulango ya chini, na benye beko huku banapiga mujusi! Muko bazima mu kichwa?"

Burhani hakupiga kelele. Alinyoosha mkono chini ya kitanda akatoa kipande cha nondo. Cha kwanza kilichovunjika kilikuwa mkono wa yule wa kandambili; kilisikika. Cha pili, meno ya Khatibu. Khatibu akatema damu na kipande cha jino, akamrukia, wakaanguka juu ya beseni likapasuka chini yao. Khatibu akamng'ata bega mpaka meno yaliyobaki yakakutana. Burhani akamshika kichwa kwa mikono miwili akakigonga sakafuni, ndani ya maji ya Mwatumu, tena na tena, na kila mara akisema kitu, na kila mara kilikuwa kile kile.

"Kikao kimeamua! Kikao kimeamua!"

Wengine walirudi nyuma ukutani. Hakuna aliyemsaidia mwenyekiti. Nani atamsaidia mwenyekiti wakati mwenye nondo hajamaliza?

Alipochoka alisimama. Khatibu alikuwa hai, anakoroma, uso wote ni jeraha. Burhani akamshika kola ya kanzu, akamburuta hadi mlangoni, akavuta komeo. Seif akaelewa kabla ya wengine.

"Mzee, hapana. Mzee Burhani, huko nje watu wanakufa!"

"Na humu ndani walikuwa wanafanya nini?"

"Ni mtu, mzee! Ni mtu!"

"Mwatumu naye alikuwa mtu. Wakamkalisha kwenye benchi."

Akamsukuma kwa mguu kama gunia, mlango ukafungwa, komeo likalia. Akageuka na nondo yake.

"Atakayegusa komeo nitamvunja kama huyo."

Aliyevunjika mkono alilia polepole kwenye kona. Burhani akapiga magoti, akaanza kuokota. Alinyanyua kila kilicholala sakafuni, akakipuliza, akakiweka kiganjani, akangoja. Huyu amepasuka tumbo. Huyu ni mkia tu. Wawili wa matamvua walikuwa bado wanatweta kwenye kidimbwi kilichobaki chini ya kitanda, lakini ubavu wa mmoja ulikuwa umefunguka. Jocelyne akashuka, akaweka mkasi chini, akaanza kutafuta naye. Ni yeye aliyemwona: nyuma ya mguu wa meza, juu kidogo ya sakafu, mmoja mweusi ameng'ang'ania ukuta. Hana hata kishina cha tamvua. Mzima, vidole vyote. Koo linakwenda.

"Uyu iko bien, Papa."

Burhani akamchukua ndani ya kiganja, akamfunika kwa kiganja cha pili. Alikuwa mwepesi kuliko sarafu, wa baridi. Huyu amefika, alisema moyoni. Huyu mmoja, Mwatumu. Mmoja nimemfikisha juu.

Nje Khatibu alikuwa ameamka. Aligonga, si kwa ngumi, kwa kiganja.

"Burhani. Fungua, ndugu yangu. Nimekosa, fungua."

Burhani akavisogeza viganja kifuani.

"Seif! Mwanangu Seif, mwambie!"

Seif alimtazama Burhani, akaitazama nondo, akatazama chini.

Kisha lango la chini likaanguka. Wote walilisikia likigonga ngazi. Halafu miguu, mingi, inapanda, na fimbo zinaburutwa ukutani, na vicheko, na kwenye ghorofa ya kwanza mbao zikivunjwa na mwanamke akipiga yowe moja lililokatwa katikati. Khatibu akaacha kugonga.

Miguu ikafika kwenye korido yao, ikasimama.

"Wena!" sauti ya kijana iliita. "We, mzee! Simama!"

Walisikia kanzu ikikwaruza ukuta, Khatibu akijiinua. Yule kijana akamwambia kwa Kizulu atazame hapa, ataje jina la hiki. Hakuna ndani aliyehitaji kuona anachoonyeshwa. Ni kiwiko. Ndivyo walivyowapima watu mtaa wa Alexandra mwaka 2008, kuwatambua wageni: wanaojua jina la kiwiko wapite, wasiojua walale pale pale. Na Khatibu alikuwa ameishi Alexandra miaka mingi, alipimwa mwaka ule, akapita.

"Indololwane," Khatibu akasema. Alisema kwa mdomo uliovunjika, lakini alisema vizuri, kama mtu aliyezaliwa nalo.

Mtu akapiga mluzi. "Sharp, baba. Sharp." Sauti ikawa laini ghafla, ya heshima, ya kijana anayeongea na mtu mzima wa kwao. Fimbo ikagonga bamba la chuma, mara moja, kulijaribu unene wake. Ndani Seif alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Jocelyne akauokota mkasi. Burhani alibaki amepiga magoti, viganja vimefumbana, na katikati yake koo moja dogo likigonga ngozi yake, haraka haraka.

"Eish, baba, angalia uso wako. Nani amekufanya hivi? Humu ndani kuna nani?"